Sindano za Ngozi: Ipi Dawa, Ipi Balaa?

(Mazungumzo ya muuguzi mmoja mbele ya vijana na wazazi, baada ya swala ya tarawehe, Garsen)

 

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioniita. Nilikuwa nimetayarisha maneno juu ya kisukari na futari. Lakini wiki moja kabla ya Ramadhani kuingia lilinifika jambo nyumbani kwangu, nikaona heri nizungumze hilo.

Mtoto wa kaka yangu anaolewa baada ya Idd. Alinijia usiku na kifuko, ndani mna vichupa sita na sindano zake, kaletewa na rafiki yake aliyerudi kutoka Ghuba. Akaniambia, "Shangazi, nidunge wewe, wewe ni muuguzi, nakuamini. Nataka niwe mweupe siku ya harusi." Nikamuuliza, ni dawa gani hii? Hakujua. Alijua bei tu, na kwamba wenzake wa Mombasa wanadungwa.

Nilikataa. Akanuna, na mpaka leo salamu yake kwangu ni ya mbali. Lakini nikajiuliza: nimemwambia hapana, je, nimempa sababu? Ana haki ya kupewa sababu. Basi leo nampa, na nyinyi nyote muwe mashahidi.

Ndugu zangu, watu husema "sindano ya urembo" kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Ziko za aina nyingi, na kila moja ina kazi yake, muda wake na hatari yake. Nitazitaja nne.

Ya kwanza ni ile inayojulikana kwa jina la Botox. Asili yake ni sumu ya bakteria, iliyopunguzwa mpaka kipimo kidogo mno. Ikidungwa kwenye msuli huzuia amri ya neva, msuli ukalegea, na kunyanzi la juu yake likatulia. Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kwa makengeza na kwa kope zinazojifunga zenyewe, yaani ilianza kama tiba ya wagonjwa. Kwa makunyanzi ya katikati ya nyusi iliruhusiwa mwaka 2002. Kazi yake hukaa miezi mitatu au minne, kisha unarudi kulipa tena. Ikidungwa vibaya, kope huanguka. Tena dawa hii huhifadhiwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Sasa niambieni, kichupa kilichosafiri ndani ya mkoba kwenye basi kutoka Malindi mpaka hapa, kwa joto hili letu, kitakuwa na hali gani?

Ya pili ni sindano za kujaza. Nyingi zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekiweka mwilini mwetu kushika maji kwenye ngozi na viungo. Wataalamu Karl Meyer na John Palmer waliitambua mwaka 1934 ndani ya jicho la ng'ombe. Ile nzito hujaza shavu au mdomo, ile nyepesi husambazwa chini ya ngozi ili iwe laini. Hukaa kama nusu mwaka, nyingine mwaka na zaidi. Uzuri wake ni kuwa daktari anaweza kuiyeyusha kwa dawa nyingine akikosea. Ubaya wake ni kuwa ikiingia kwenye mshipa wa damu huuziba. Ngozi inaweza kufa, na wako watu waliopofuka. Hapo kila dakika ina thamani. Kutoka Garsen mpaka Malindi ni zaidi ya kilomita 100, na mto ukifura mwajua wenyewe barabara huwaje.

Ya tatu ni damu yako mwenyewe. Unatolewa damu, inazungushwa kwenye mashine, kisha ile sehemu yenye chembe za kugandisha damu unarudishiwa usoni ili ngozi ijitengeneze. Mtu husema, damu ni yangu, hatari iko wapi? Hatari iko kwenye mikono na vyombo. Mwaka 2024 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilitoa ripoti ya wanawake walioambukizwa virusi vya UKIMWI baada ya kufanyiwa hivyo kwenye saluni isiyo na leseni katika jimbo la New Mexico. Kama hayo yametokea Marekani, sisi je, na chumba cha nyuma cha saluni?

Ya nne ndiyo hii ya mtoto wetu: sindano ya kung'arisha, na nyingi huwa na glutathioni. Mwili wenyewe huitengeneza, ndio maana wauzaji husema haina madhara. Lakini kudungwa kwa wingi kwenye mshipa ni jambo jingine. Mamlaka ya dawa ya Marekani haijaidhinisha sindano hata moja ya kufanya ngozi iwe nyeupe. Ya Ufilipino, nchi ambayo sindano hizi zimeenea sana, imewaonya watu wake waziwazi juu ya figo, tezi ya shingo, na ugonjwa wa kubabuka ngozi mwili mzima unaoweza kuua. Na hata ukiwa mweupe, weupe wenyewe haudumu. Unaacha sindano, rangi yako inarudi.

Mmeona tofauti? Zile tatu za mwanzo, zikiwa mikononi mwa daktari mwenye leseni, mtu anaweza kukaa akazijadili: faida hii, hasara hii, gharama hii. Hii ya nne haina hata msingi wa kuijadili. Na ndiyo hiyo inayotufikia huku kwetu, kwa sababu ndiyo inayobebeka kwenye mkoba na kudungwa na yeyote.

Tena tukumbuke tunaishi wapi. Garsen iko digrii mbili na kidogo tu kusini mwa Ikweta. Ule weusi kwenye ngozi ni mwavuli dhidi ya jua. Mpokomo anayelima mpunga na Muorma anayechunga ng'ombe mchana kutwa, wote wamepewa mwavuli huo bure. Wewe unalipa pesa uondolewe!

Sasa upande wa dini. Mimi si shekhe, na masheikh wako hapa, watanisahihisha. Mtume (S.A.W.) alimruhusu sahaba Arfaja, aliyekatika pua vitani, kuweka pua ya dhahabu. Kwa hiyo kurekebisha kilichoharibika si kugeuza maumbile. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kule Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, liliruhusu kutibu kasoro za kuzaliwa na za ajali. Ama kuondoa makunyanzi kwa upasuaji au sindano, lilisema haifai, isipokuwa iwe ni hali ya ugonjwa na kwa sharti la kusalimika na madhara. Kwa hiyo aliyeungua moto, au mwenye makovu yanayomtesa, asione haya kutafuta tiba.

Na kwa kuwa tuko kwenye swaumu: baraza hilohilo, mwaka 1997 Jeddah, lilisema sindano ya tiba ya kwenye ngozi, msuli au mshipa haifunguzi, isipokuwa ile ya maji ya lishe. Basi mgonjwa asiache sindano yake kwa kuogopa. Mwenye dripu aulize kwanza.

Mtaniuliza, wewe unajua nini juu ya kutaka weupe? Tazameni mashavu haya. Haya madoa sikuzaliwa nayo. Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilinunua krimu sokoni, nikaipaka miezi minane. Niling'ara kweli, watu wakanisifu. Kisha ngozi ikawa nyembamba, jua likaniunguza, na madoa haya yakaja, mpaka leo hayajaondoka. Krimu nyingi za namna hiyo zilikuwa na haidrokwinoni au zebaki, na zebaki huharibu figo na neva, na humdhuru mtoto tumboni. Hakuna aliyeniambia. Ndio maana nasema.

Kwa hiyo nawausia haya. Usidungwe kitu usichokijua jina. Uliza leseni ya daktari na ya kliniki. Uliza kama dawa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya. Uliza likitokea la kutokea, nani atakutibu na wapi. Sindano ifunguliwe mbele ya macho yako. Mwenye mimba au anayenyonyesha asijaribu kabisa. Mwenye chunusi au mabaka aende hospitali, huo ni ugonjwa na una dawa zake.

Na wenye kuoa, neno langu kwenu. Huyu binti hakuamka asubuhi moja akachukia rangi yake. Kuna aliyemwambia, "mweusi mno". Pengine ni wifi, pengine mama mkwe mtarajiwa, pengine ni mimi mwenyewe kwa mzaha wakati alipokuwa mdogo. Kama tunataka waache vichupa, na sisi tuache maneno hayo. Bibi arusi wetu ana liwa, ana hina, ana udi. Jirani zetu Wasomali wana unga wa majani ya mkunazi, wanaouita qasil. Nyanya zetu waliolewa kwa hayo, na hakuna aliyelazwa kwa ajili yake.

Vile vichupa sita ninavyo bado, nimevifungia kabatini. Kesho nitavipeleka hospitali viteketezwe. Na binti yangu, najua umekaa pale nyuma upande wa wanawake. Njoo nyumbani tufuturu pamoja. Liwa nitakusagia mimi mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atukubalie swaumu zetu, awaponye wagonjwa wetu, na aturidhishe na alivyotuumba. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.