Mgongo Si wa Kuchezewa

Kina mama wa vikundi wametuuliza: hawa makairoprakta, wanaonyoosha uti wa mgongo kwa mikono, walianzia wapi?

Mwanzilishi ni D. D. Palmer, mzaliwa wa Kanada. Alikuwa mwalimu, akafuga nyuki, akaweka duka. Mwaka 1895, mjini Davenport huko Marekani, akaanza kunyoosha migongo, na 1897 akafungua shule. Mwaka 1906 alitiwa jela kwa kutibu bila leseni. Mwanawe, B. J., ndiye aliyeikuza shule ile, na Mabel, mke wa B. J., akafundisha humo somo la viungo vya mwili. B. J. alipenda redio hata akanunua kituo mwaka 1922. Mgongo na redio, wapi na wapi!

Leo kila jimbo la Marekani ladai leseni; la mwisho kuweka sheria hiyo ni Louisiana, 1974. Basi na sisi tunaobeba mitungi na kuni, tusimpe shingo mtu yeyote tu wa sokoni. Tumwulize: ulisomea wapi, na cheti kiko wapi? Na mgongo ukiuma huku miguu inakufa ganzi, ama mkojo haushikiki, hapo hakuna kukandwa. Ni hospitali, siku hiyo hiyo, hata kwa mkokoteni.