Mizani Katika Njia ya Roho

Leo twataka kuwapa habari za kitabu cha kale cha Bara Hindi kiitwacho Tattvartha Sutra. Huenda mzee mmoja akauliza, "Kitabu hicho kinatuhusu nini sisi watu wa uwanda wa Makonde?" Swali lake ni la haki, nasi tutalijibu kwa korosho.

Kitabu hiki kilitungwa na mwalimu Umasvati, aliyeishi baina ya karne ya 2 na ya 5. Dini yake ni ya Wajaini. Wafanya biashara wengi wa dini hiyo walitoka Gujarat wakavuka bahari kuja Afrika ya Mashariki tangu mwisho wa karne ya 19, na mtu afikapo Mombasa aweza kuliona hekalu lao la marumaru nyeupe. Wajaini wana madhehebu mawili makubwa yasiyopatana katika mambo mengi, lakini kitabu hiki wote hukikubali. Jambo hilo si dogo, kama ajuavyo kila mtu aliyepata kusikia mabishano ya madhehebu.

Kina sura 10, na maneno yake ni mafupi, yapata 350 tu. Mwanzo kabisa chafundisha kwamba roho hufunguliwa kwa mambo matatu yaendayo pamoja: kuamini sawasawa, kujua sawasawa, na kutenda sawasawa. Mkulima aweza kuiamini salfa, na kukijua kipimo chake, lakini asipoinyunyiza mikorosho yake ubwiri utayala maua yote.

Je, roho imefungwa na nini? Wajaini hawamkiri Mungu aliyeumba ulimwengu, na hapo wametengana na Waislamu na Wakristo. Tofauti hiyo hatuifichi. Wao husema kwamba matendo ya mtu huvuta chembe nyembamba kuliko vumbi, nazo huingia rohoni zikanata. Kinachozinatisha ni hasira, kiburi, hila na tamaa. Aliyepata kubangua korosho ataelewa upesi: mafuta ya ganda yakishika vidole hayatoki kwa kunawa mara moja, tena huchubua ngozi. Basi kazi ni mbili, kuzuia yasiingie mengine, na kuyaondoa yaliyokwisha kunata. Ndiyo maana sura ya 7 yaeleza nadhiri tano: kutoumiza kiumbe, kutosema uongo, kutoiba, kujizuia na zinaa, na kutong'ang'ania mali.

Hapo ndipo kitabu kilipotushangaza sisi walimu. Tulitazamia habari za watawa tu, lakini Umasvati aingia sokoni. Miongoni mwa mambo yaivunjayo nadhiri ya kutoiba ataja kununua mali ya wizi, kutumia mizani na vipimo vya uongo, na kuuza kitu kibaya kwa mfano wa kizuri. Tena, katika nadhiri ya kutoumiza, ataja kumtwisha mnyama mzigo uzidio nguvu zake, na kumnyima chakula na maji.

Sasa tuitazame nchi yetu. Mavuno yakiwa bado na nyumba ikiwa haina unga, mnunuzi huja na bakuli lake, akatoa fedha kidogo kwa korosho zilizo bado mtini. Biashara hiyo twaijua sote kwa jina la kangomba. Serikali imeikataza, na mwaka 2018 ilipigwa vita kwa nguvu. Lakini njaa haisomi tangazo, na bakuli hujazwa hata lifanye kichuguu. Wala tusiwalaumu wanunuzi peke yao. Wako wakulima watiao mchanga na korosho mbovu katikati ya gunia, nzuri wakaziweka juu. Kwa kitabu hiki wote wawili wamekosa nadhiri moja.

Umasvati hakutaja askari wala faini. Mtawa huzishika nadhiri zote kwa ukamilifu. Mwenye nyumba, aliye na mke, watoto na shamba, huzishika kwa kadiri ya maisha yake. Huiweka nadhiri kwa hiari yake, naye ndiye aitunzaye, hata pale ambapo hapana mtu mwingine aliyeona jinsi alivyopima.