MAZUNGUMZO KUHUSU MIONZI NA ATHARI ZAKE KATIKA SELI HAI

Ifuatayo ni nakala ya mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali, Masheha na wananchi. Inachapishwa kwa manufaa ya wale ambao hawakuwahi kuhudhuria.







Neno mionzi hutamkwa mitaani kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaoliogopa hata hukataa picha ya kifua waliyoandikiwa na daktari. Wapo pia wanaolidharau, wakaingia chumba cha eksirei kumsindikiza jamaa bila ya kuitwa. Wote wawili wanahitaji maelezo yale yale, nayo ni kuwa mionzi hufanya nini hasa inapopita katika kiumbe hai.

Ieleweke kwanza kwamba si kila mionzi tunayoizungumzia leo. Mawimbi ya redio na mwanga wa taa hayana nguvu ya kuivunja atomu. Mionzi ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen mwaka 1895, na ile itokayo katika madini kama radi na kobalti, ina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka katika atomu inayopita. Atomu iliyong'olewa elektroni haitulii tena, na jirani zake hupata taabu.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, na ndani ya kila seli, isipokuwa chache kama zile nyekundu za damu, umo uzi wa vinasaba wenye maagizo yote ya kazi na ya kuzaliana. Uzi huo ni mfano wa kamba ya usumba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Mionzi yaweza kuukata moja kwa moja. Mara nyingi zaidi huyavunja maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya seli, na vipande vya maji hayo vikaushambulia uzi. Ukikatika upande mmoja, seli huutengeneza kwa kufuata upande wa pili uliosalia, na kazi hii hufanyika ndani yetu kila siku bila ya sisi kujua. Zikikatika pande zote mbili mahali pamoja, mafundi wa seli hukosa kielelezo, na huenda wakaunga ncha zisizohusiana. Hapo seli ama hufa, ama huishi na kosa lake. Kosa hilo laweza kukaa kimya miaka kumi au zaidi kabla ya kuwa saratani.

Lakini jambo lenye uzito zaidi ni hili: seli iliyokatwa vinasaba yaweza kuendelea na shughuli zake za kawaida kana kwamba haikupatwa na kitu. Aibu yake hudhihirika pale inapotaka kugawanyika. Wafaransa wawili, Bergonié na Tribondeau, waliandika mwaka 1906 kwamba seli zinazogawanyika upesi ndizo zinazodhuriwa zaidi na mionzi.

Sisi wa Unguja tumeyaona hayo kwa macho yetu. Kwa miaka mingi mbung'o aliwasumbua ng'ombe wetu kwa ugonjwa wa nagana. Dawa na vitambaa vyenye sumu vilimpunguza bila ya kummaliza. Ndipo kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, kuanzia mwaka 1994 hadi 1997, madume ya mbung'o zaidi ya milioni 8 yaliyofugwa Tanga yalipigwa mionzi na kuachiwa kutoka angani kwa ndege ndogo. Dume hilo liliruka, likatafuta jike na kupandana nalo kama kawaida, kwani mwili wa mdudu mpevu una seli chache zinazogawanyika. Mbegu zake, hata hivyo, zilikuwa na vinasaba vilivyokatika, na kiinitete kilikufa tumboni. Jike la mbung'o aghalabu hupandwa mara moja tu maishani, basi bahati yake ilikuwa imekwisha. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996.

Huulizwa kama madume yale yalileta mionzi kisiwani. La. Kitu kilichomulikwa na mionzi ya namna hiyo hakigeuki kuwa chanzo cha mionzi, kama vile ukuta uliomulikwa kwa tochi usivyogeuka kuwa tochi.

Sasa tulinganishe. Mbung'o yule alipewa zaidi ya grei 100 na akaruka. Binadamu akipata grei 4 au 5 mwili mzima kwa mara moja, bila ya matibabu, nusu ya watu wa namna yake hufariki, kwa kuwa uboho unaotengeneza damu na utando wa utumbo hugawanyika mchana na usiku. Picha ya kifua haifikii hata sehemu moja ya elfu kumi ya kipimo hicho. Kwa hiyo mgonjwa aliyeandikiwa picha na asikhofu. Mama mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, aseme kabla ya kupigwa picha, kwa kuwa mtoto aliye tumboni ni seli zinazogawanyika tupu. Daktari Alice Stewart wa Uingereza aliligundua hilo katika miaka ya 1950, alipoona saratani imewapata zaidi watoto ambao mama zao walipigwa eksirei ya tumbo wakati wa ujauzito. Kuona haya katika jambo hili hakufai. Na msindikizaji abaki nje.

Limebaki suala la vyuma chakavu. Mnamo Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazili, watu wawili walichukua kifaa cha tiba ya saratani kutoka katika zahanati iliyohamwa, wakakivunja na kukiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu uliong'aa buluu gizani. Jamaa na majirani waligawiana, wengine wakajipaka mwilini. Kutapika kulipoanza ilidhaniwa ni chakula. Watu 249 walikutwa na uchafu huo, na wanne walifariki, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita.

Kwa hiyo wanunuzi na wakusanyaji wa vyuma wanatakiwa kuzingatia yafuatayo. Chombo kidogo kilicho kizito kupita kiasi, au chenye alama ya duara dogo lililozungukwa na mapanga matatu, kisikatwe, kisifunguliwe wala kisipakiwe garini. Watoto waondolewe, watu wakae mbali, na Sheha wa Shehia au kituo cha Polisi kilicho karibu kijulishwe siku hiyo hiyo. Aliyekwishakigusa anawe kwa maji na sabuni, avue nguo zake na kuziweka kando, na amweleze daktari alichokishika, hata kama hajisikii vibaya.