Sura si Utu: Tujifunze kwa Siti binti Saad



Hapa Mji Mkongwe tumezoea kuisoma nyumba kwa mlango wake. Nakshi na njumu za shaba humjulisha mpita njia kwamba mwenyewe ana uwezo. Tatizo ni pale tunapomsoma na binadamu namna hiyo hiyo.

Mkumbukeni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake. Wazee wake walikuwa watumwa. Alipovuma mjini kwa taarab, wapinzani walimsimanga kwa wimbo, kuwa hana sura wala ukoo. Naye akawajibu kwa wimbo: uzuri na nasaba si hoja, akili ndiyo hoja. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na baada ya kufariki mwaka 1950, maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert. Leo waliomcheka hatuwajui hata majina.

Nakiri kosa langu. Siku moja ya kuandikisha wakopaji, nilimwacha kwenye foleni mama mwenye kanga iliyopauka, nikamwita kwanza aliyevaa vizuri. Mama yule ndiye leo mweka hazina wa kikundi chake, na hesabu zake hazijawahi kupungua hata shilingi.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Basi mtu akija mbele yetu, tumpe kiti kwanza, tumsikilize, ndipo tumpime.