Mizinga ya Königsberg

Ndugu zangu wa Ikoma,

Ngome ya Mjerumani hapa kwetu mnaijua. Leo nasema juu ya manowari yake, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja. Zote mbili zilikuwa na mizinga, lakini ya Pegasus haikufika mbali. Meli ambayo mizinga yake haimfikii adui ni shabaha tu.

Julai 1915 Königsberg nayo iliangamia Rufiji, ikipigwa kwa mizinga mikubwa kuliko yake, na ndege ikielekeza. Mjerumani hakukata tamaa: aliiopoa mizinga yote 10, akaitilia magurudumu Dar es Salaam. Mmoja uliwekwa juu ya meli Goetzen katika Ziwa Tanganyika.

Lakini nani aliyeikokota porini? Mwafrika, kamba begani, wala hakuulizwa vita ni vya nani.

Basi, chombo kikongwe huweza kutiwa silaha mpya, lakini silaha bila fundi ni chuma. Manowari ikinunuliwa, tuulize: mzinga wake unafika wapi? Makombora yatatoka kwa nani? Kijana wetu yupi ataweza kuutengeneza? Asiyeuliza ataitwa tena kuvuta kamba.