Omba Oili ya Pikipiki

Ndugu dereva wa bodaboda hapa Magoma, ukifika dukani usiseme tu, "Nipe oili." Sema, "Nipe oili ya pikipiki."

Kwa nini? Kwenye magari mengi ya gia za mkono, oili ya injini haigusi klachi. Kwenye pikipiki zetu, oili ile ile inalainisha injini, inalainisha gia, na klachi inaogelea humo humo. Baadhi ya oili za magari zina kemikali ya kupunguza msuguano. Injini ya gari inaifurahia, lakini klachi ya pikipiki inateleza. Umepakia abiria na gunia, unapanda kilima, injini inanguruma, pikipiki haiendi. Hapo petroli inaungua bure na klachi inakwisha.

Geuza kopo, soma nyuma. Tafuta neno JASO, likifuatwa na herufi M na A. Narudia: M na A. Wenye skuta zisizo na klachi ya mkono, oili yenu mara nyingi ni ya M na B. Uzito wa oili, fuata kitabu cha chombo chako.

Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji iache, hata ikiwa rahisi. Hujui imetoka wapi.

Leo, kabla fundi hajamwaga oili ya zamani, mwombe akuonyeshe kopo jipya, likiwa bado limefungwa. Akikwambia oili zote ni sawa, tafadhali mwonyeshe herufi hizo: M na A.