SAT: Anayeshindwa Hesabu Huenda Ameshindwa Kusoma

Hapa Maskati wapo vijana wanaozungumza Kiswahili nyumbani, Kiarabu mtaani na Kiingereza darasani, nao hujitayarisha kwa SAT, mtihani wa Kimarekani wa kuombea nafasi ya chuo kikuu. Tangu mwaka 2023 watahiniwa walio nje ya Marekani huufanya kwa kompyuta.

Wazazi wengi hugharimia hisabati, wakidhani kusoma kutajiweka sawa. Mimi naona kinyume chake. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, kila swali na kifungu chake kifupi. Anayetafsiri moyoni kila sentensi hupitwa na wakati. Hisabati nayo ina maswali 44 kwa dakika 70, na baadhi ni hesabu za mafumbo. Kikokotoo kinaruhusiwa mwanzo hadi mwisho, lakini hakimsomei mtu swali.

Kila sehemu ina nusu mbili, na matokeo ya nusu ya kwanza ndiyo yanayoamua ugumu wa ile ya pili. Basi mwanzo usikimbiliwe ovyo. Wala swali lisiachwe bila jibu, kwani kukosea hakupunguzi alama.

Majaribio kamili yamo bure katika Bluebook, programu ileile ya mtihani. Kabla ya kulipia tuisheni, kijana na afanye moja kwa kufuata saa, kisha aeleze kwa Kiswahili kila swali alilokosa lilitaka nini. Akishindwa kueleza, apewe mwalimu wa kusoma kwanza, hata kama swali lilikuwa la hesabu.